Mafuta Hayana Mzee

Mtoto wa dada yangu alipokuja kuniaga, nilimnyima baraka kwa sababu ya mafuta.

Jina lake ni Suzan, binti wa mdogo wangu Zilpah. Katika ukoo wetu hakuna mtoto anayevuka daraja la mto kwenda mbali kabla mjomba hajampaka maji kwenye paji la uso na kwenye miguu. Baba yake aliikubali safari siku ile ile alipoisikia, lakini kazi ya baba ni kuruhusu tu. Anayefungua njia ni mjomba, na mjomba wa Suzan aliyebaki hai ni mimi. Kaka yake alijifanya msomi, akaondoka bila maji yangu, na basi lake likafia Nesitu. Nesitu! Mahali ambapo mtu hajamaliza hata karanga alizonunua stendi. Alilala chini ya lori la vitunguu, asubuhi akarudi kwa bodaboda, nikampaka maji, akasafiri salama. Tangu siku hiyo Zilpah hataki mchezo na maji ya mjomba.

"Unakwenda Nairobi kufanya nini?" nilimuuliza Suzan. Tulikuwa tumekaa uani kwangu, mtaa wa Juba Na Bari, chai iko mbele yetu.

"Kusoma utando wa mafuta, Mjomba. Chuo kimoja kule kina mashine inayopasha mafuta joto kidogo kidogo na kuonyesha ni wakati gani yanayeyuka. Wamenipa nafasi. Nisipofika wiki ijayo wanampa mwingine."

"Kuangalia mafuta yakiyeyuka."

"Ndiyo, lakini..."

"Unatoka Juba, ambako hata kandambili zinataka kuyeyuka, unakwenda Nairobi kwenye baridi, kuangalia mafuta yakiyeyuka."

Zilpah alijifunika uso kwa kitenge. Nilijua anacheka, mabega yalikuwa yanamtikisika. Suzan hakucheka. Ni mvumilivu, amerithi kwetu.

Alinieleza kwamba kila chembe hai, ya mtu au ya samaki, imezungukwa na utando mwembamba mno wa mafuta. Mafuta hayo yana kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia maji. Ukiyatia majini yanajipanga yenyewe katika tabaka mbili, vichwa nje pande zote, mikia ndani imegeukiana. Kukiwa na baridi mikia inanyooka na kubanana, utando unaganda. Kukiwa na joto mikia inaanza kuchezacheza, utando unalegea. Mpaka hapo sikuwa na ugomvi naye.

"Sasa, Mjomba, mafuta yale yale, ukiyapinda yakawa kipira kidogo sana, yanayeyuka mapema, tena polepole, hapa kidogo na pale kidogo. Yakiwa bapa yanasubiri joto zaidi, halafu yanayeyuka yote kwa pamoja."

Nikaweka kikombe chini.

Nataka msomaji anielewe. Shule ya jioni niliianza nikiwa tayari na wajukuu. Mwalimu Jedidah, Mkenya anayefanya kazi benki mchana na kutufundisha watu wazima jioni kule mtaa wa Amarat, aliandika ubaoni kwamba kila kitu safi kina joto lake la kuyeyuka. Barafu ina lake, madini ya risasi yana lake. Niliipenda sentensi ile kuliko zote alizowahi kuandika. Katika maisha yangu nimeona fedha zikibadilishwa, mipaka ikibadilishwa, hata majina ya barabara. Hatimaye nikakutana na kitu ambacho hakibadiliki ovyo. Sasa mtoto niliyemfundisha kuhesabu kwa maganda ya karanga ananiambia kwamba mafuta yakipindwa yanajiamulia mengine.

"Yamechanganywa na kitu?"

"Hapana. Ni yale yale."

"Basi wamepima vibaya."

"Waliopima ni watu wengi, Mjomba, tangu kabla sijazaliwa."

"Basi wamekosea wengi. Suzan, sikiliza. Siwezi kupaka maji safari nisiyoielewa. Nieleweshe, nikupake. Usiponielewesha, hiyo nafasi achukue mwingine."

"Basi linaondoka Jumatatu!"

"Leo ni Alhamisi. Muda unao."

Zilpah alishusha kitenge usoni. Sasa hakuwa anacheka. "Kaka, huyu mtoto amesubiri nafasi hii tangu amalize chuo. Utamfungia njia kwa ajili ya mafuta?"

"Sijafunga. Nimeuliza swali."

"Ukiuliza wewe swali, sisi wengine tunazeeka."

Ijumaa Suzan alirudi na kiberiti. Alimwaga njiti mezani akasema kila njiti ni chembe moja ya mafuta, kichwa cheusi kile ndicho kichwa, kijiti ndicho mkia.

"Ulisema mikia miwili."

"Fikiria miwili, Mjomba."

"Mwalimu Jedidah anasema sayansi huangalia, haifikirii tu."

Alivuta pumzi. Akazipanga njiti katika mistari miwili iliyonyooka, vijiti vimegusana katikati, vichwa nje. Zilibanana vizuri, kama watu kwenye benchi la kanisa siku ya Pasaka. Kisha akazipanga upya, safari hii kuzunguka glasi ya chai. Kweli, zile za nje vichwa viliachana, na zile za ndani vichwa viligongana huku mikia ikitawanyika.

"Umeona? Kwenye mpindo haziwezi kubanana sawasawa. Zikishindwa kubanana, joto kidogo tu linatosha kuzilegeza."

"Naona mapengo," nilisema. "Sioni kitu kinachoyeyuka."

Wakati tunabishana, Zilpah alichukua njiti kadhaa za tabaka la nje akaenda kuwashia jiko. Utando wa Suzan ukabaki na tundu kubwa upande wa jikoni.

Jumamosi nilikwenda Amarat kumtafuta Mwalimu Jedidah. Nilimkuta nje ya hosteli anayokaa na Wakenya wenzake, anapiga pasi nguo za kanisani. Nilimweleza kesi yote nikiwa na hakika kwamba atasimama upande wangu, kwa kuwa sentensi ilikuwa yake.

"Mzee wangu," alisema huku pasi ikiwa hewani, "mimi nilikufundisha ya mtihani."

"Kwa hiyo ya mtihani si kweli?"

"Ni kweli, si ni kweli! Lakini si lazima iwe yote. Huyo msichana wako anasema kitu kizito. Mimi niliishia kemia ya kidato cha nne, halafu nikaenda uhasibu."

"Njoo kesho uwe shahidi."

"Shahidi wa nani?"

"Wa ubao."

Alicheka mpaka akaunguza kola. Lakini aliahidi kuja.

Jioni ile nilimkuta Suzan amekaa na mama yake kwenye uzio wa kanisa letu, mikono shavuni, hana tena cha kunionyesha. Ndani kwaya ya akina mama ilikuwa inafanya mazoezi, na Lodu alikuwa anapiga ngoma. Huyu Lodu amekulia kambini Uganda, na Kiswahili chake amekiokota njiani huko, lakini ngoma yake haina makosa. Ana midundo inayojulikana na kila mtu parokiani. Kuna mdundo wa kuingia, wa polepole, ambao hata padri mwenye goti bovu anaufuata. Kuna wa sadaka, uliochangamka kidogo. Kuna wa mavuno. Mwisho kuna wa harusi, ambao ukipigwa viti vyenyewe vinasogea.

Suzan alisikiliza, kisha akainua kichwa. "Mjomba, njiti hazichezi."

"Hazichezi."

"Watu wanacheza."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumapili, baada ya ibada, kwaya nzima ya akina mama iligeuzwa mafuta.

Suzan alisimama kwenye ngazi ya kanisa akiwapanga. Mtu mmoja, chembe moja. Uso wake ndio kichwa kinachopenda maji. Miguu yake miwili ndiyo mikia miwili.

"Mikia yangu iko chini," nilimkatiza, "na ulisema mikia inageukiana ndani."

"Mzee, acha mtoto afundishe," alisema Mwalimu Jedidah, aliyekuwa amekuja na kola yenye alama ya pasi.

"Miguu ikitulia," Suzan aliendelea, "mafuta yameganda. Miguu ikicheza, yameyeyuka. Mdundo ndio joto. Lodu ataanza chini atapanda taratibu. Msicheze kwa kunifurahisha. Mwenzako akikubana usiweze kucheza, tulia. Mwili ukikataa kutulia, uachie."

"Na mimi iko nini?" aliuliza Lodu.

"Wewe ni joto."

"Mimi iko joto," alisema Lodu kwa heshima kubwa, akakung'uta vumbi kwenye ngoma.

Walisimama katika mistari miwili iliyonyooka, migongo imegusana, nyuso zinatazama nje, bega kwa bega hata upepo usipite. Mimi nilidai nafasi ndani ya mstari. Hukumu ya mtu aliyekaa kwenye kiti pembeni si hukumu. Wakaniweka mwanzoni kabisa, kama ilivyo desturi kwa mtu wa umri wangu.

Lodu akaanza. Mdundo wa kuingia, kimya. Wa sadaka, kimya. Wa mavuno, kimya, ila kichwa cha Zilpah kilianza kuyumba. Akafika wa harusi. Kimya! Lodu alipiga mpaka jasho likaanza kudondokea ngozi ya ngoma. Akina mama wale, ambao huwa wanacheza wakisikia mtu anatwanga, walisimama kama nguzo za umeme. Suzan alikuwa ameweka vidole mdomoni.

Lodu akaacha. "Kwaya imekufa?"

"Hii membreni gani?" Mwalimu Jedidah alishangaa, akiuita utando kwa Kiingereza. "Imegoma!"

"Imeonekana," nilisema. "Haiyeyuki kabisa, iwe bapa au imepinda. Sayansi imekwisha, twendeni tukale."

Nyaruot, jirani yangu, aliyekuwa nyuma yangu kidogo, ni mwanamke mrefu asiyejua kunong'ona. "Malesh, ya Mzee," aliniomba radhi. "Sisi tunangoja wewe."

"Mnaningoja mimi kwa nini?"

"Utaanzaje ngoma kabla ya mzee? Wewe hujatikisa mguu. Nani atatikisa?"

Walikubaliana wote, mstari mzima. Ngoma hufunguliwa na mkubwa. Mkubwa alikuwa amesimama mbele na uso wa mahakama, basi wao wangefanyaje?

Suzan alishuka ngazini. "Mafuta hayana mzee, mama zangu! Hakuna chembe inayomngoja mwenzake kwa heshima."

"Basi hayo mafuta hayana adabu," alisema Nyaruot.

"Hayana! Kabisa!"

"Ndiyo maana daktari amenikataza," alisema Zilpah, na mstari mzima ukacheka, isipokuwa binti yake. Niliona macho ya Suzan yameanza kujaa. Jumatatu ilikuwa kesho, na utando wake ulikuwa umeshindwa kwa sababu ya ndevu zangu.

Sipendi kushinda kesi kwa namna hiyo. Nikatoka kwenye mstari nikawageukia. "Leo, kwa saa hii tu, nawapa ruhusa kucheza kabla yangu. Atakayeningoja ananikosea."

"Uape," alisema Nyaruot.

"Naapa. Rudini mlivyokuwa."

Nikarudi, ila si mwanzoni. Nilijipenyeza katikati, Zilpah kushoto kwangu, Nyaruot kulia. Lodu akaanza upya. Mdundo wa kuingia, kimya. Wa sadaka, nilihisi bega la Nyaruot limetulia kwenye langu kama gunia la mahindi, na kila aliyetaka kusogea alikuta jirani amemkaba pande zote, akaacha. Wa mavuno, mistari ilitetemeka, ikashikilia. Kisha wa harusi ukaingia. Sikuona nani aliyeanza. Mmoja alipopata nafasi ya kuinua mguu, jirani yake naye akaipata, na kabla sijatazama huku na huku mistari yote miwili ilikuwa inacheza, vumbi linapanda, Nyaruot anapiga vigelegele sikioni mwangu. Yote kwa pamoja, katika mdundo mmoja.

"Ubao!" nilimwambia Mwalimu Jedidah kwa sauti. "Joto moja, kuyeyuka kumoja. Andika!"

"Nimeona, Mzee. Sasa pindeni."

Suzan aliwapinda. Duara dogo halikuhitaji watu wote, kwa hiyo wengi walikwenda kuwa maji ya nje, yaani watazamaji. Lodu aliwekwa katikati na ngoma yake.

"Mimi iko joto tena?"

"Wewe ni joto, na pia ni maji ya ndani."

"Maji inapiga ngoma," alisema Lodu. "Haya. Juba hapa nimeona mengi."

Waliomzunguka Lodu walimtazama yeye, na sisi wa tabaka la nje tukawapa migongo. Nilisimama tena kati ya Zilpah na Nyaruot, maana nilitaka kila kitu kiwe kile kile. Kabla hatujaanza nilitangaza, ili kusiwe na mabishano baadaye, kwamba mimi siyeyuki ovyo. Mguu wangu utainuka kwenye mdundo wa harusi, kama ulivyoinuka kwenye mstari, au hautainuka.

"Kaka, usiape ape mbele ya kanisa," alisema Zilpah.

Lodu akaanza. Mdundo wa kuingia. Nikatafuta bega la Nyaruot. Lilikuwa pale, lakini halikunigusa. Kati yetu kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Nikajaribu kumwegemea Zilpah, naye pia bega lake lilikuwa mbali na langu. Nyuma yangu wale wa ndani walikuwa wanalalamika kinyume chake, viwiko vyao vimepandana kifuani, hakuna anayejua aweke wapi mikono.

Mdundo wa sadaka ukaingia. Mama mmoja wa ndani, aliyechoka kubanwa, akajipindua kutafuta pumzi, na alipojipindua akaanza kucheza. Upande wa pili wa duara mwingine wa nje akafuata. Wa kwetu bado tulikuwa imara. Kisha nikasikia Mwalimu Jedidah anasema, "Mzee Jada."

"Nini?"

"Mguu."

Nikatazama chini. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakwenda peke yake, kisigino juu, kisigino chini, kwenye mdundo wa sadaka, mbele ya parokia yote.

"Nimekanyaga siafu," nilisema.

"Siafu yuko wapi?"

"Ameondoka."

Maji ya nje yalicheka mpaka mengine yakakaa chini. Lodu alipopanda kwenye mdundo wa mavuno, duara lote lilikuwa limekwisha kuachia, huyu kwa wakati wake na yule kwa wakati wake, na hakuna aliyeweza kusema ni lini hasa lilipoyeyuka. Mdundo wa harusi haukuhitajika hata kidogo.

Nilisimamisha ngoma. "Nyaruot amenisukuma."

"Mimi?" Nyaruot alinyoosha mkono wake mrefu kuonyesha pengo lililokuwa kati yetu. "Ningekusukuma kwa nini? Nilikuwa mbali hata harufu ya tumbaku yako sikuisikia. Mara ya kwanza kwa miaka mingi!"

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kweli kweli. Nilikuwa mtu yule yule, na miguu ni hii hii niliyotembelea tangu nilipokuwa mkimbizi kambini. Majirani ni wale wale, kushoto dada yangu na kulia Nyaruot. Ngoma ile ile, mpigaji yule yule. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika. Lakini mtu mwenye akili hakubali kitu alichokiona mara moja.

"Nyoosheni mstari," niliamuru.

"Tena?" akina mama waliuliza. Nyumbani nyama ilikuwa inangoja.

"Nyoosheni! Sisi wa duara tu. Lodu, piga wa sadaka, usipande."

Wakanyoosha. Mabega yakarudi mahali pake, bega la Nyaruot likatua kwenye langu. Lodu akapiga wa sadaka kwa muda mrefu. Hakuna aliyesogea. Mguu wangu ulikaa kimya kama mguu wa meza, nami sikuwa naushikilia.

"Pindeni. Lodu, usibadilishe chochote."

Wakapinda. Mdundo ule ule wa sadaka. Pengo likafunguka, na mguu ukaanza. Niliutazama ukicheza nikashindwa hata kuukasirikia.

"Nyoosheni!"

Ukatulia.

"Pindeni!"

"Mzee huyu atatuua," alisema mmoja, lakini wakapinda, na wakacheza, maana sasa wenyewe walikuwa wameanza kuipenda sayansi.

Nilitoka kwenye duara nikaenda kukaa kwenye ngazi. Mwalimu Jedidah akanisogelea na chupa ya maji. Nilimwona anatafuta neno la kunifariji.

"Mwalimu," nilimwambia, "sentensi yako haikudanganya."

"Asante, Mzee."

"Ila ubao ulikuwa bapa."

Alinitazama, kisha akaketi kando yangu akacheka kwa furaha, bila kelele. Kola yake iliyoungua ilikuwa inatikisika.

Suzan alikuwa amesimama mbele yetu, anangoja. Hakuthubutu kuuliza. Mama yake ndiye aliyeuliza. "Sasa, Kaka? Umeelewa au tupange tena mistari?"

"Nimeelewa."

Zilpah akapiga kigelegele kifupi.

"Lakini," nilisema, na kigelegele kikakatika. "Kama tumeyaona yote hapa kanisani, kwa ngoma ya Lodu, anakwenda Nairobi kuona nini?"

"Kaka!"

"Ni swali tu."

Suzan hakukasirika. Niliona uso wake umechangamka, kama mtu aliyeulizwa kitu alichokuwa akikingoja tangu Alhamisi. Akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya ngazi ili tuwe usawa mmoja.

"Leo tumetumia mafuta ya aina moja, Mjomba. Utando wa kweli umechanganyika. Kuna mafuta manene na membamba, ya mkia mrefu na ya mkia mfupi. Ukiupinda, nani atakwenda kwenye mpindo na nani atabaki pale paliponyooka? Wakihama hivyo, joto la kuyeyuka nalo litakwenda wapi? Kwa michanganyiko mingi hakuna anayejua. Siku hizi kuna dawa zinafungwa ndani ya vipira hivi vya mafuta. Vikilegea kabla ya wakati, dawa inamwagika njiani. Fikiria dawa hiyo inaletwa kwetu, kwa joto hili."

Nilifikiria. Nilimfikiria Nyaruot na urefu wake, na padri na goti lake bovu, wamewekwa kwenye duara moja. Nani angesogea pembeni? Nilijaribu kupata jibu nikalikosa. Ningeweza kusema nalijua, lakini wangeniambia tupange mistari.

"Hata mimi sijui," nilisema.

"Hata wao hawajui, Mjomba. Ndiyo maana nakwenda."

Nilimpokonya Mwalimu Jedidah chupa yake ya maji. Kwa kawaida natumia kibuyu cha baba yangu, lakini kibuyu kilikuwa nyumbani, na niliogopa nikienda kukichukua nitakutana na swali lingine njiani. Nikalowesha vidole, nikampaka Suzan kwenye paji la uso. Nikainama, magoti yakilia, nikampaka kwenye miguu yote miwili. Kwaya ilikuwa imenyamaza. Lodu peke yake, kwa sauti ya chini kabisa, alikuwa anapiga mdundo wa kuingia.

"Nenda," nilisema. "Njia imefunguka. Ila ukirudi, mimi ndiye wa kwanza kuambiwa nani anakwenda kwenye mpindo. Kabla ya profesa yeyote."

"Profesa atakuwa ameniona nikipima, Mjomba."

"Basi afumbe macho."

Jumatatu asubuhi tulimsindikiza stendi. Zilpah alilia kidogo, akamfungia mihogo ya kuchemsha inayotosha basi zima. Nilirudi nyumbani nikakaa uani na simu mapajani, nikijifanya nasoma. Simu ilipolia niliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mjomba, basi limesimama."

Nikasimama. "Wapi?"

"Nesitu."

Zilpah, aliyekuwa anapita na ndoo, alisikia jina hilo likitoka kwenye simu akaiweka ndoo chini. "Nilisema! Maji ya chupa! Nilisema kibuyu!"

"Limeharibika nini?" nilipiga kelele. "Injini? Gurudumu? Usishuke!"

"Halijaharibika. Dereva ananunua mkaa, anasema kule mbele ni ghali. Halafu, Mjomba, sikiliza. Viti vimejaa, sisi wa mwisho tumekaa kwenye njia ya katikati, tumebanana kweli. Dereva ameweka muziki. Hakuna anayeweza kusogea hata unyayo."

"Mmekaa mstari ulionyooka?"

"Umenyooka kabisa."

"Ngoja mfike kwenye kona za Nimule kule mpakani, mstari upinde," nilimwambia, "halafu unipigie uniambie."

Nilisikia anacheka, na nyuma ya kicheko chake injini ikawaka.